Basi Lisilo na Dereva

Mwaka ule wa pili wa hali ya hatari, serikali ya Wazungu ikipigana na wapiganaji wa msituni, watu wa Riruta, nje kidogo ya Nairobi, walikuwa wakienda kazini kwa miguu. Si kwamba mabasi hayakuwepo. Yalikuwepo, yakipita matupu asubuhi na jioni, vioo vimeoshwa, utingo amesimama mlangoni kama mwenye harusi anayengojea wageni wasiofika. Amri ilikuwa imetoka, na hakuna aliyethubutu kuuliza imetoka wapi: mtu asipande basi, asivute sigara, asinywe bia ya Wazungu. Mwanamume mmoja wa Kangemi alipanda, akasema mguu wake mbovu. Alifika mjini salama, akafanya kazi, akarudi nyumbani. Haikupita muda mkewe akaonekana akizunguka kwa majirani, akiuliza kama kuna aliyemwona.

Nyakio naye alitembea. Alikuwa mwanamke mrefu, bado kijana, mwenye mwanya na kicheko kilichomtangulia kila alikokwenda. Mumewe, Haron Mungai, seremala, alichukuliwa na askari akiwa bado ameshika randa mkononi, na tangu siku hiyo hakuna aliyejua yuko kambi gani. Nyakio alibaki na mama mkwe wake na binti mdogo, Wanjira, aliyepewa jina la huyo bibi yake. Kila asubuhi kafiu, ile marufuku ya kutoka usiku, ilipokwisha alijiunga na wanawake wenzake barabarani, wakateremka wakipiga soga, wakavuka kijito cha Kirichwa, wakatawanyika kwenye nyumba za maofisa wa Kizungu kule Kileleshwa. Huko ndiko alikokuwa yaya na dobi.

Bwana wake aliitwa Pelham. Alikuwa mwembamba, mpole, hapandishi sauti hata akikuta shati limeungua kwa pasi. Kazi yake Nyakio hakuielewa kwa muda mrefu. Hakuwa polisi, hakuwa hakimu, wala hakuwa mtu wa kodi. Aliyemweleza ni Nashon Sifuna, Mluhya wa Kimilili, mkalimani wa ofisi ya Bwana, ambaye ndiye aliyeendesha gari la spika na kutangaza kwa Kiswahili mambo ambayo serikali ilitaka yasikike. Sifuna akimleta Bwana nyumbani mchana, alikaa kwenye ngazi ya jikoni akanywa chai.

"Kwao Uingereza alikuwa anafanya watu wapende sabuni," alisema Sifuna. "Sasa ameletwa hapa afanye watu wapende serikali."

"Kwani serikali haiwezi kupendwa yenyewe?"

"Hiyo muulize yeye. Mimi natafsiri tu."

Sifuna alipenda kusimulia yale aliyoyasikia garini, maana Bwana Pelham aliipenda kazi yake na aliieleza kama padri anavyoeleza Injili. Alisimulia kwamba kule Amerika kulikuwa na bingwa mmoja wa kazi hiyo, aliyetaka wanawake wavute sigara hadharani. Hakuwaambia sigara ni tamu. Alipanga mabibi maridadi wapite katikati ya mji siku ya Pasaka huku wanavuta, akawaita wapiga picha, akasema hiyo ni mienge ya uhuru wa wanawake.

"Wakavuta?" Nyakio aliuliza.

"Wakavuta. Bwana anasema usimuuzie mtu kitu. Muuzie kile anachokililia moyoni, halafu kitu chako ukipakie juu yake."

Nyakio alicheka hadi akaweka pasi chini. Huku kwao sigara imekatazwa kwa ajili ya uhuru, na huko kwingine imewashwa kwa ajili ya uhuru huo huo! Sifuna hakucheka. Alitazama mlango wa sebuleni, akamaliza chai yake.

Siku moja ya mawingu, basi lilikuja likasimama mbele ya lango. Basi zima, jipya, limeletwa na fundi wa karakana ambaye alishuka mara moja, akaenda kukaa kando ya ua na mkate wake. Mpiga picha alikuwa tayari ameweka kamera kwenye miguu yake mitatu. Bwana Pelham alimwita Nyakio kutoka kwenye kamba ya nguo.

"Wewe panda, keti dirishani," alisema kwa kile Kiswahili chake cha jikoni. "Hapana ogopa. Hii basi hapana kwenda mahali. Picha tu."

Nyakio alimtazama Memsaab, mke wa Bwana, aliyekuwa barazani na mtoto mapajani. Memsaab alitabasamu akampungia mkono: nenda, nenda. Nyakio alijifuta mikono kwenye aproni, kisha akaivua. Angesema nini? Mtu anakataaje kukaa kwenye kiti? Alipanda, akakaa. Kiti kilinukia ngozi mpya. Kule mbele usukani ulikuwa peke yake.

Alikuwa amekaza uso, na mpiga picha hakuridhika. Bwana akanong'ona na Sifuna. Sifuna akasogea chini ya dirisha.

"Mama Wanjira," akasema taratibu, "unajua huyu Bwana amenifundisha nini leo? Anasema neno 'chafya' ni chakula cha jioni. Jana amemwambia Bwana Di Si, mkuu wa wilaya, kwamba mkewe atampikia chafya."

Kicheko kilimtoka Nyakio kabla hajakizuia, mwanya wote nje, kichwa nyuma. Kamera ikalia.

"Vizuri," akasema Bwana Pelham. "Vizuri sana." Fundi akaja na makombo ya mkate kidevuni, akalirudisha basi lilikotoka, na Nyakio akarudi kwenye nguo zake. Kufikia jioni alikuwa ameshasahau.

Wiki kadhaa baadaye Memsaab alitaka cherehani yake iliyokuwa kwa fundi wa Kihindi River Road, na Nyakio akatumwa mjini na gari la ofisi. Sifuna aliyeendesha hakusema neno njia nzima, yeye aliyekuwa na maneno kama redio. Waliposhuka River Road, kati ya maduka ya vyuma na nyumba za kulala wageni, Nyakio aliona watu wamesimama mbele ya ukuta wa kiwanda cha chapa. Walikuwa wametulia mno kwa watu wengi namna hiyo. Akanyoosha shingo aone wanachotazama.

Alikuwa yeye. Uso wake, mkubwa kuliko mlango, ukicheka dirishani mwa basi, na usukani ukionekana kule mbele. Chini yake kumeandikwa kwa herufi nyekundu: MIMI NAPANDA BASI. SIOGOPI MTU.

Mwanamume mmoja aliyebeba gunia mgongoni aligeuka. Alimtazama Nyakio, akautazama ukuta, akamtazama tena. Alimgusa mwenzake kwa kiwiko, na mwenzake naye akageuka, kisha mwingine, hadi nyuso zote zilizokuwa zikitazama ukuta zikawa zinamtazama yeye. Hakuna aliyemtukana. Walimpisha apite, na nafasi waliyomwachia ilikuwa pana kupita kiasi.

Alirudi garini akafunga mlango. "Ulijua," alimwambia Sifuna.

"Nilijua."

"Na maneno yale ni ya nani?"

Sifuna aliwasha gari. "Bwana alisema kwa Kizungu. Mimi nikayaweka Kiswahili."

"Mimi sijawahi kupanda basi hilo, Sifuna. Natembea kila siku. Wewe unajua natembea."

"Najua, dada."

Siku iliyofuata, barabarani, wanawake wenzake walikuwa wametangulia. Aliwaona mbele, akaongeza mwendo, nao wakaongeza. Alipopunguza, wakapunguza. Ukawa ndio mtindo: wao mbele, yeye nyuma, na kati yao kipande cha barabara kisicho na mtu. Kisimani ndoo yake ilikutwa imepinduliwa. Mama mkwe alikwenda kuomba moto kwa jirani ambaye walilea watoto pamoja, akarudi mikono mitupu, akakaa kwenye kigoda. Karatasi zile zilizidi kubandikwa: sokoni, kwenye nguzo za stima, hata kwenye mti wa njia panda ya Dagoretti. Kila alikopita Nyakio alikutana na uso wake ukimcheka.

Kisha akaja Mzee Hezekiah. Alikuwa muuza makaa, mtu wa maneno machache, na kila mtu alijua bila kuambiwa kwamba yanayotoka kinywani mwake si yake peke yake. Aliweka debe la makaa mlangoni, ingawa hakuna aliyeagiza makaa.

"Mama Wanjira," alisema, "mumeo Haron alikuwa mtu wetu."

"Bado ni mume wangu, mzee. Usiseme alikuwa."

"Nimesema ninachotaka kusema. Nyumba hii tunaiheshimu kwa ajili yake. Lakini kuna vijana ambao hawakumjua. Wanasema utaitwa."

"Niitwe wapi?"

Mzee alitazama makaa yake. "Ukiitwa, njoo mwenyewe. Usingoje kufuatwa, maana wakija hapa yuko mama, na yuko mtoto." Akaondoka, debe akaliacha palepale.

Nyakio alikwenda kwa Bwana Pelham siku hiyohiyo, Sifuna akiwa mkalimani. Aliomba karatasi zibanduliwe. Bwana alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho, akavua miwani, akaifuta.

"Anasema anasikitika," Sifuna alitafsiri, akitazama zulia. "Anasema watu wameanza kupanda, wachache, lakini wameanza. Watu wakimwona mmoja wao haogopi, na wao wanaacha kuogopa. Anasema wewe umesaidia mji huu kuliko bunduki. Anasema uhamie hapa nyuma, kwenye nyumba ya boi, wewe na mtoto na mama. Ataweka askari langoni."

Nyakio alielewa papo hapo. Siku atakayolala nyuma ya askari wa Pelham, yale maneno mekundu yatakuwa ya kweli. Na Haron akirudi, atarudi kwa nani?

"Mwambie ahsante," alisema. "Mwambie nitaendelea kutembea."

Jikoni Sifuna alimfuata. Uso wake ulikuwa umekauka kama wa mgonjwa. Alisimama, akashika kiti, akakiachia.

"Kuna jambo jingine Bwana alinisimulia," alisema. "La bingwa mwingine wa zamani, wa hukohuko Amerika. Treni ilianguka. Wenye reli walizoea kuficha, wafiche maiti, wawafukuze waandishi. Huyu akasema la. Akawapeleka waandishi mwenyewe mahali penyewe, wakaona kila kitu. Alisema habari mbaya ukiitangulia, ni yako. Ikikutangulia wewe, wewe ni wake."

"Kwa nini unaniambia?"

"Sijui kwa nini nakuambia," alisema Sifuna, akatoka.

Jumapili watu wa Riruta walitoka kanisani jua likiwa kali, wakasimama uwanjani kama kawaida, wanaume upande wao, wanawake upande wao, na homugadi wawili, askari Waafrika wa kulinda vijiji kwa niaba ya serikali, wakiota kivuli kando ya uzio. Mzee Hezekiah alikuwepo. Vijana watatu ambao si wa kanisa lile walikuwepo vilevile, wamesimama karibu na lango, mikono ndani ya makoti. Nyakio aliwaona. Akampa mama mkwe mtoto amshike. Akapanda ngazi za kanisa, akawageukia.

"Ule uso ni wangu," alisema.

Homugadi mmoja akainua kichwa.

"Uso ni wangu, na kicheko ni changu, sikatai. Lakini maneno siyo yangu, na safari siyo yangu. Basi lile lililetwa likasimama langoni, mimi nikianika nguo. Halikwenda hatua moja. Dereva wake alikuwa kando ya ua anakula mkate. Nendeni mkaitazame ile picha vizuri. Tazameni mbele, penye usukani. Mkimwona dereva, nifanyeni mnavyotaka."

Nyakio alisikia mtoto wake akiita. Halafu mwanamke mmoja, Nduta, aliyekuwa akimtangulia barabarani siku zote zile, aliguna. Mguno ukawa kicheko, akajiziba mdomo kwa kanga, lakini kilikuwa kimeshamponyoka. "Basi halina dereva!" alisema. Mwingine akalichukua, na mwingine. Wale vijana watatu hawakucheka. Mmoja alimtazama Mzee Hezekiah. Mzee akatikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi. Walipotazamwa tena, hawakuwepo langoni.

Jumatatu wanawake walimngoja. Hakuna aliyeomba radhi; walianza tu soga pale walipoiachia. Nyakio alidhani yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Maneno yale yalishika njia. Yalivuka Kirichwa, yakafika Woodley kupitia mayaya wa huko, yakateremka mjini kwa miguu ya wapagazi. Siku chache baadaye karatasi za River Road zilikutwa zimeandikwa kwa mkaa, chini ya yale maandishi mekundu: DEREVA YUKO WAPI? Zilibandikwa nyingine, nazo zikaandikwa. Kisha mkaa ukahama kwenye mabasi yenyewe, ukahamia kwenye ukuta wa posta, mahali pasipo na picha yoyote ya basi. Sasa swali halikuwa la basi tena bali la nchi, na kila mtu alilielewa, hata askari waliotumwa kulifuta. Nyakio alipoliona mara ya kwanza ukutani mbali na uso wake, alipita haraka bila kugeuka. Alikuwa amesema jambo moja dogo la kweli ili aokoe shingo yake, nalo limekwenda likajiunga na mambo makubwa bila kumuuliza.

Bwana Pelham alimwita sebuleni. Safari hii alikuwa na Mzungu mwingine, mwenye bastola kiunoni, ambaye hakukaa. Sifuna alisimama kati yao.

"Anauliza nani alikufundisha," alisema Sifuna. Sauti yake ilikuwa ya gari la spika, haina mtu ndani.

Nyakio alimtazama Bwana. "Hakuna. Nilisema nilichokiona kwa macho yangu."

Bwana Pelham alimwangalia kwa muda, na katika macho yake mapole hakukuwa na hasira; kulikuwa na kitu kama sifa, jinsi fundi anavyoitazama kazi ya fundi mwenzake. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Akasema maneno machache kwa Kizungu. Sifuna hakuyatafsiri.

"Amesema nini?"

"Amesema unaweza kwenda kumaliza kazi yako."

Mwezi wa nne wanajeshi waliuzingira mji. Magari yalikuja kabla umande haujakauka, na wale wanawake wa Riruta walikamatwa wote barabarani na vikapu vyao. Wakachuchumazwa, mikono kichwani, kisha wakapakiwa kwenye malori. Kambini walipitishwa mmojammoja mbele ya watoa habari waliofunikwa magunia yenye matundu mawili ya macho. Gunia likitikisika hivi, unakwenda huku; likitikisika vile, unakwenda kule. Nyakio alipofika mbele, ofisa hakulitazama gunia. Alimtazama yeye, akatabasamu.

"Wewe ndiye wa basi," alisema.

Hakupelekwa kizuizini. Baadaye alidhani huenda Memsaab alisema neno, au huenda uso uliobandikwa kila mahali ni vigumu kuufunga bila watu kuuliza. Lakini alinyimwa pasi ya kuingia mjini, na kazi ikaishia hapo. Akarudishwa Riruta. Haukupita mwaka nyumba zao zikabomolewa, wakasongamanishwa ndani ya kijiji kilichozungushiwa handaki, na yeye akawa miongoni mwa wanawake waliolichimba. Mama mkwe alifia humo, kwa kikohozi. Sifuna hakumwona tena. Nduta alisikia kwamba aliacha kazi akarudi Kimilili. Mtu mwingine alisema la, bado anatangaza, amehamishiwa Nyeri. Bwana Pelham alimaliza mkataba wake akaenda nchi nyingine iliyokuwa na matatizo.

Haron alirudi mwaka wa hamsini na nane. Alishuka njia panda na kifurushi, amekonda, meno ya mbele hana. Wanjira, aliyekuwa sasa msichana wa kuteka maji, alimpita bila kumjua. Nyakio alipika, akamwekea maji ya kuoga, na Haron akafanya kila alichoambiwa kama mtu aliyezoea kuamrishwa. Alikula ameupa mlango uso. Ikawa hivyo siku nyingi. Nyakio alidhani ni kambi, akavumilia.

Mchana mmoja, akitengeneza kigoda kilichovunjika, Haron alisema bila kuinua kichwa:

"Walikuwa na picha yako kule."

Nyakio aliacha kumenya viazi.

"Iko ukutani, mahali pa kulia chakula. Kila siku. Mkubwa wa kambi alikuwa anatuambia: wake zenu wamechoka kuwangoja, wamekiri kiapo cha siri walichokula, wanapanda basi, wanacheka. Wengine wakakiri kwa sababu hiyo. Mimi sikukiri. Lakini niliitazama miaka minne."

Nyakio akamweleza yote: basi lililoletwa langoni, mkate wa fundi, ngazi za kanisa, mkaa kwenye kuta. Alieleza haraka, akirudiarudia, akimwita Nduta shahidi, ingawa Nduta hakuwepo. Kule kambini mkaa haukufika. Lile swali lililozunguka Nairobi nzima halikuwa na njia ya kupita kwenye seng'enge, na Haron alikuwa analisikia kwa mara ya kwanza.

Alipomaliza, Haron aligeuza kigoda, akajaribu mguu wake kwa mkono kama umekaza.

"Nakuamini," alisema. Akaokota msumari. "Lakini ulikuwa unacheka."

"Nilikuwa nacheka," alisema Nyakio. "Sifuna alinichekesha."

Haron aliitikia kwa kichwa. Akachukua nyundo, akaendelea na kazi. Waliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, wakapata watoto wengine wawili, na hakumpiga wala hakumtukana. Lakini majirani wa kijiji kile, waliomjua Nyakio tangu ujana, walizoea kusema kwamba ukipita kwake jioni unasikia nyundo, unasikia watoto, unasikia Haron akikohoa, lakini kicheko cha Nyakio hukisikii.